Nilivyoitazama "The Letter" na shangazi yangu

Nianze na lawama niziondoe njiani. Ukumbi wenyewe ni mdogo, uko Tudor, Mombasa. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni. Tukaanza saa moja kasorobo. Viti vya plastiki, feni mbili zinazolia kama mashine ya posho, na spika moja iliyowekwa mlangoni, tuktuk zikipita nje. Nusu saa ya kwanza maneno mengi yalinipita. Anayeandaa maonyesho ya filamu atafute spika kwanza. Ukuta mweupe haukosekani.

Haya, filamu. The Letter ni filamu ya watu na maisha halisi, ya 2019, ya Maia Lekow na mumewe Chris King, na Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Kijana wa papa hapa Mombasa anapata habari kwamba bibi yake kijijini, ajuza wa miaka tisini na kitu, anaitwa mchawi. Tena Facebook. Anarudi nyumbani kuuliza kulikoni.

Nilitarajia waganga, tunguri na muziki wa kutisha. Wapi! Ni watu wa ukoo mmoja wanavutana, uchawi uko midomoni, ukisikiliza vizuri kinachogombewa ni shamba, na mahubiri nayo yanachochea kuni. Nimewahi kuzifuatilia zile filamu za Uingereza zilizoanza 1964 na watoto 14 wa miaka saba, zikawa zinawarudia kila baada ya miaka saba hadi walipofika 63 mwaka 2019. Nazipenda mno. Ila mule kila mtu anahojiwa kidogo, anampisha mwingine. Hii imepiga kambi kwenye boma moja mpaka watu wamesahau kamera. Katikati inavuta miguu, sikatai. Jirani yangu alisinzia.

Shangazi ni mzaliwa wa Kaloleni, anakaa nami Mlaleo tangu mjomba afariki. Maandishi ya Kiingereza ya chini hayakumhusu. Kiswahili na Kigiriama alivipata kwa masikio, naye akawa anajibu kwa sauti: "Muongo huyo! Mwangalie macho!" Watu wakacheka, hata waliomwambia anyamaze. Kisha bibi akaletwa karibu, uso wake ukajaa ukuta mzima, na shangazi akanyamaza mwenyewe. Nikaona mkono wake unapanda, unasukumia nywele za kando ndani ya leso.

Kwenye tuktuk akaniomba tupitie soko la Kongowea anunue piko, ile rangi nyeusi ya nywele na ya maua ya harusi. Nikamtania, harusi ya nani tena? Akasema, "Mwanangu, wadhani hii naipaka ya harusi? Kesho kutwa naenda nyumbani. Kule ukishaota mvi, kila mtoto akifa wanakuhesabia wewe."

Miaka yote hiyo mimi nikijua ni urembo. Ndiyo maana kila akikaribia safari lazima kibakuli cha piko kiwe dirishani, na mimi nikimgombeza kwa kuchafua sinki.

Alilouliza baadaye, na sikuwa na jibu, ni kama yule bibi mwenyewe ameonyeshwa filamu, na alisema nini.

Nyota nne kwa filamu, moja na nusu kwa ukumbi. Ukienda, kaa mbele kushoto, mbali na mlango, na kama una mtu mzima nyumbani nenda naye. Shangazi anataka kuirudia, ila nyumbani, bila feni.