Laguardia, Uhispania: nilienda kwa ajili ya waini, nikarudi nikisifu viazi

Wacha nianze na kitu kilinichekesha. Laguardia ni mji mdogo wa mawe juu ya kilima, na kila mtu anakuambia panda ukutani ujionee huo urefu, sasa mimi nimetoka Kisumu, pale chini kwa ziwa, lakini kilima chao chote ni kama mita 635 kutoka usawa wa bahari na Kisumu yetu inapita 1,100. Kwa hivyo nimesimama juu ya ngome nikiwa bado chini kuliko Kondele. Lakini mandhari bana, hiyo siwanyimi. Kaskazini kuna milima ya Sierra de Cantabria imesimama kuzuia baridi ya baharini, kusini ni mizabibu mitupu hadi mto Ebro, na ilikuwa mwezi wa kumi kwa hivyo majani yalikuwa yameanza kugeuka, mengine mekundu, mengine manjano, mengine rangi ya kutu. Kwa mbali unaona paa la Ysios, ile bodega (nyumba ya kutengeneza waini) aliyochora msanifu Santiago Calatrava, limekunjwakunjwa kama bati lililopigwa na upepo, ati linafuatisha milima ya nyuma. Hiyo tuliitazama kutoka juu ikatosha.

Dadangu, mtoto wa mamangu mdogo, anafanya kazi Bilbao, nilikuwa nimemtembelea (mambo ya viza tuyawache kabisa) na shemeji akatuendesha Jumamosi, safari ya saa moja na kitu hivi. Ukikosa shemeji kuna basi la kutoka Logroño au Vitoria. Gari unaacha nje ya ukuta. Nilifikiri ni ile ya kutuuzia maegesho, kumbe sababu iko chini ya miguu: chini ya hizo nyumba kuna mapango zaidi ya 200 yaliyochimbwa kwa mikono, na wanaogopa uzito na mtikiso wa magari. Yaani watu wanatembea juu, pombe imelala chini.

Jina lenyewe linatokana na ulinzi. Mfalme Sancho wa sita wa Navarra, yule waliyemwita Mwenye Hekima, aliupa mji hati yake mwaka 1164 ukae hapo mpakani ukimwangalia jirani. Ukuta uko, malango yako, watu wanaanika nguo humo ndani mpaka leo. Kwa asili mimi ni wa Bungoma, na nikiguswa na ukuta siwezi kunyamaza, sisi pia tulikuwa na ngome, Lumboka na Chetambe, Waingereza walikuja kuzipiga 1895, na ukienda Chetambe sasa hivi itabidi mtu akuonyeshe kwa kidole mahali palipokuwa na nini. Basi nilizunguka huo ukuta wa Laguardia mara mbili. Dadangu alifikiri nimepotea.

Sasa pango. Usiende kwa bodega kubwa ya vioo kama una nafasi ya kuingia pango la familia, hiyo ndiyo ushauri wangu mkubwa. Tuliteremka ngazi za mawe zimelika katikati kwa kukanyagwa, na kila hatua baridi inakuja mpaka unafunga zipu, na ukutani kuna ukungu mweusi kama masizi ya jikoni ya kuni. Mama aliyetutembeza alisema baridi hiyo haibadiliki sana, kiangazi au theluji ni ile ile, ndiyo maana waini inapenda huko. Akatuonyesha tundu linalopanda hadi barabarani. Zabibu zikichacha zinatoa hewa nzito inayokaa chini, unaweza kuivuta ukaanguka usiamke, kwa hivyo zamani walikuwa wanashuka na mshumaa na ukizimika unageuza unarudi juu mbio. Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, mimi nikaanza kuangalia taa.

Nikamwambia kupitia dadangu kwamba hata kwetu tunajua kuweka pombe chini ya ardhi, ila sisi ilikuwa ni kumficha askari wa chifu. Alicheka mpaka akashika pipa. Lakini ni ukweli, kukhu wangu, yaani nyanya, alikuwa anapika busaa ya harusi na ya matanga, anakaanga unga uliochacha kwa karai kubwa, anatia kimea cha wimbi, na wazee wanakaa na mirija yao kuzunguka nyungu, halafu mtu akipiga mluzi kila kitu kinafunikwa na nyasi. Hawa wenzetu kitu kile kile wanakikatia tiketi.

Waini yenyewe: zabibu ni Tempranillo karibu zote. Ile changa ya huku wanaitengeneza kwa mtindo wa zamani, wanamwaga vichala vizima kwa tangi bila kuvisaga, uchachu unaanzia ndani ya tunda lenyewe, na unakunywa mwaka unaofuata. Halafu kuna za kukaa kwa mapipa ya mwaloni ya lita 225, Crianza lazima itimize miaka miwili kabla ya kuuzwa, Reserva mitatu, Gran Reserva mitano. Bei inapanda na miaka. Mimi siyo mtaalamu, nilionja zote na nikapenda ile changa ya bei ya chini, ina ladha ya matunda, haina ule ukali wa mbao. Shemeji alinitazama kama nimemtukana mtu.

Chakula sasa, na hapa ndipo pesa yangu iliniuma kidogo kabisa. Menyu ya mchana ilikuwa kama yuro 20, tuseme elfu tatu yetu, na ndani kuna vyakula viwili, kitamutamu, mkate na waini. Kwanza ilikuja patatas a la riojana, viazi na chorizo (soseji yao ya nguruwe) kwa bakuli la udongo, mchuzi mwekundu wa pilipili tamu iliyokaushwa. Siri ni kukata: kisu kinaingia nusu halafu kiazi kinapasuliwa, hakikatwi laini, ndiyo wanga utoke uufanye mchuzi mzito. Nimejaribu Kisumu na viazi vya Molo, inakubali! Halafu chuletillas, vimbavu vidogo vya mwanakondoo vilivyochomwa juu ya matawi makavu ya mzabibu wenyewe, moto wa haraka, chumvi tu, unakula na vidole. Hapa mtu wa nyama choma hana la kufundisha mtu. Tukamaliza na cuajada, maziwa ya kondoo yaliyoganda na asali juu, nikaona hii ni ndugu ya mala, tofauti ni sahani.

Kanisa la Santa María de los Reyes pia uingie, mlango wake wa mawe una mitume waliochongwa karne ya 14 na bado wana rangi mashavuni kwa sababu ulijengewa kibaraza mbele. Unaingia na muongozaji wa ofisi ya utalii. Ile saa ya uwanjani yenye vikaragosi vinavyocheza tuliiona saa sita mchana, watoto wa watalii waliipenda, mimi dakika moja ilinitosha.

Malalamiko ninayo. Jioni tuliingia mkahawa fulani ndani ya ukuta saa moja usiku tukiwa na njaa, wakatukalisha, wakatuuzia vinywaji, na baada ya nusu saa ndiyo tunaambiwa jiko linafunguliwa saa tatu. Si ungesema mlangoni? Halafu mkate ambao hatukuitisha ukaja kwa bili. Mchana ni hivyo hivyo, kabla ya saa saba hakuna kitu cha maana, na kuanzia saa nane na nusu hivi maduka mengi yanafunga mpaka jioni.

Kwangu ni 4 kwa 5. Lala usiku mmoja, pango libuku mapema hasa wikendi, na viatu viwe vya kushika, hayo mawe yakinyeshewa yanateleza kama samadi.