Komeo la Mlango: Riwaya ya Mateka Niliyoianza kwa Shingo Upande

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Kitabu mnachokiona mkononi mwangu nilikifungua kwa shingo upande. Nilikwisha kusema katika video zilizopita kwamba riwaya za mapenzi ya kihistoria ambamo mwanamume humfungia mwanamke ngomeni mpaka ampende zimenichosha, na wengi wenu mkaniandikia kunisihi nisome hii moja kabla sijaapa kuacha. Nimeisoma, pamoja na vitabu viwili vinavyoifuata, kwa kuwa hadithi yenyewe ni moja iliyokatwa vipande vitatu. Jambo hilo nitalirudia tukifika kwenye bei, maana lina uchungu wake. Jina la riwaya na la mwandishi nimeyaandika chini ya video.

Muhtasari hautatuchukulia muda. Tuko mpakani mwa Uingereza na Uskoti, karne ya 14. Binti wa bwana wa Kiingereza anatekwa na bwana wa ngome wa Kiskoti, ambaye nduguye anashikiliwa na baba wa binti huyo. Kuna farasi, kuna mvua, kuna mtumishi mzee anayejua siri za nyumba nzima. Mmekwisha kuyaona hayo kwingine. Ninachotaka kuwaonyesha ni komeo la mlango, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nitakaa.

Katika sura za mwanzo, chumba cha binti kina komeo upande wa nje. Kila usiku tunamsikia mlinzi akilisukuma, na mwandishi ana adabu ya kutolieleza zaidi ya hapo: ni sauti ya chuma tu, kisha nyayo zinazoondoka. Sauti hiyo inarudi mara nyingi kiasi kwamba msomaji anaanza kuingojea. Kisha katika sura ya 14, baada ya askari mmoja mlevi kuonekana akizurura kwenye ngazi za mnara, binti anaamka asubuhi kwa mlio wa nyundo. Bwana wa ngome mwenyewe amepiga magoti mlangoni, anang'oa komeo lile na kuligongomea upande wa ndani. Hasemi neno. Binti naye haulizi. Usiku ule anajifungia mwenyewe kwa mkono wake, na yule bwana, aliyesimama gizani mwisho wa ujia, anaposikia chuma kikiingia mahali pake anashusha pumzi na kwenda kulala.

Nimelisoma tukio hilo mara nne. Ili mwone kwa nini limenishika, nililiandika upya kwa namna ambayo riwaya nyingi za aina hii huliandika, nanyi sikilizeni: «Alimfukuza mlevi yule kwa upanga, akamgeukia binti, akamkamata mabega kwa nguvu, na binti, japo alimchukia, akahisi moyo wake ukimsaliti.» Basi, limekwisha. Sentensi moja imemaliza kila kitu, na sura inayofuata haina pa kwenda isipokuwa kitandani. Katika tukio langu binti anaambiwa anavyohisi. Katika tukio la komeo hakuna anayeambiwa chochote, lakini mwenye nguvu ametoa sehemu ya nguvu zake, na aliyetekwa amepata kitu ambacho jana hakuwa nacho, yaani haki ya kumfungia mlango huyo huyo aliyemteka.

Huu ndio moto wa makumbi, watazamaji wangu, ule unaofuka muda mrefu kabla ya kuonyesha ulimi. Watu hudhani kwamba mapenzi ya polepole ni kuchelewesha busu, na waandishi wavivu huchelewesha kweli, kwa kuwaleta wageni wa kubisha hodi kila midomo inapokaribiana. Ucheleweshaji wa namna hiyo ni foleni tu. Katika riwaya hii mguso wa kwanza uko ukurasa wa 211, wakati binti anapomfunga kitambaa kidonda cha kiganja, na kwa kurasa zote hizo mia mbili wameitana kwa vyeo, hawajaitana kwa majina. Hata hivyo sikuona kwamba nimecheleweshwa, kwa sababu kila sura ilikuwa imebadilisha jambo fulani kati yao. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na mtumishi mzee ndiye anayekisikia kikohozi hicho wa kwanza. Anaanza kuweka mezani vikombe viwili badala ya kimoja, bila kuamriwa.

Kuna wanaoniambia kwamba utekwaji wa namna hii, wenye heshima na vikombe mezani, ni ndoto za waandishi. Si kweli yote. Vita vya zama zile vilikuwa pia biashara ya fidia, na mateka mwenye cheo alikuwa mali iliyopaswa kutunzwa. Mfalme Jean wa 2 wa Ufaransa alitekwa na Waingereza kwenye vita vya Poitiers mwaka 1356, akaachiliwa mwaka 1360 kwa masharti ya fidia kubwa na kuwaacha wanawe kati ya dhamana. Mmoja wa wana hao alipotoroka, mfalme alirudi London kwa hiari yake, na huko akafa mwaka 1364. Kwa mtu wa aina hiyo neno la heshima lilikuwa kitasa kigumu kuliko chuma, na mwandishi wetu analijua hilo: bwana wa ngome anamwomba binti kiapo cha kutotoroka, binti anakataa kuapa, naye anamheshimu zaidi kwa kukataa huko.

Tena upo mfano ulio karibu zaidi na hadithi yetu. James wa 1 wa Uskoti alikamatwa baharini mwaka 1406 akiwa bado mtoto, akakaa mikononi mwa Waingereza miaka 18. Lipo shairi refu linalohesabiwa kuwa lake, ambamo mfungwa anachungulia dirishani na kumwona mwanamke akitembea bustanini. Mwaka 1424 alimwoa Joan Beaufort, Mwingereza anayedhaniwa kuwa ndiye mwanamke huyo wa bustanini, akarudi kwao akiwa na mke na deni la fidia la pauni 40,000, ambalo sehemu yake ilisamehewa kuwa mali ya bibi harusi. Angalieni lakini kwamba hapo aliyefungwa ndiye aliyetazama na kuchagua. Yule mwanamke hakuwa mlinzi wake.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu historia ina upande wa pili, ambao riwaya nyingi huupaka rangi ya waridi. Uingereza ilikuwa na sheria dhidi ya kuwateka wanawake wenye mali tangu mwaka 1487, na sheria haitungwi kwa jambo lisilotendeka. Mwaka 1826 Edward Gibbon Wakefield alimtoa shuleni msichana tajiri wa miaka 15 aitwaye Ellen Turner, kwa uongo kwamba mama yake ni mgonjwa, akamfungisha ndoa Gretna Green huko Uskoti, kisha akamvusha bahari hadi Calais, Ufaransa. Hapakuwa na macho yanayokutana wala mioyo inayosalitiana. Ndugu zake walimfuata, mwanamume akafungwa miaka mitatu, na Bunge likaibatilisha ndoa hiyo mwaka 1827. Mwandishi anayetaka mtekaji wake apendwe na msomaji ana deni la kuonyesha tofauti kati ya bwana wake na Wakefield, na deni hilo halilipwi kwa kumpa mtekaji kifua kipana.

Nanyi mnaopenda kufupisha kila kitu kwa jina la «ugonjwa wa Stockholm», yaani mateka kumpenda mtekaji wake, nawasikia. Jina hilo lilitokana na uvamizi wa benki mjini Stockholm, Sweden, mwaka 1973, ambapo wafanyakazi wanne walishikiliwa siku sita na baadaye wakawatetea wavamizi. Linaeleza hofu inayotafuta pa kujishikiza. Riwaya mbovu za mateka ni hiyo hasa, nakubali, lakini hofu haimfundishi mtu kugombana na mtekaji wake juu ya hesabu za ghala na kumshinda, kama anavyofanya binti huyu katika sura ya 19.

Sasa kitabu cha pili. Hapa nilikaribia kukitupa. Binti anapata nafasi ya kuondoka: mlango uko wazi, farasi ametandikwa, na bwana wa ngome amegeuza uso makusudi ili asimwone akipita. Sura kumi na nne za komeo zilikuwa zinatuandaa kwa dakika hii moja. Mwandishi anafanya nini? Anashusha theluji. Njia inafungwa, binti anarudi ndani akitetemeka, anawekwa karibu na moto, na mengine mnayajua. Theluji ndiyo iliyoamua! Siulizi kama theluji huanguka Uskoti, huanguka. Nauliza kwa nini ianguke usiku ule ambao mwanamke huyu, kwa mara ya kwanza, alikuwa na uamuzi wake mwenyewe. Kubaki kwake kukiwa ni kwa sababu ya barafu barabarani, basi komeo limerudishwa nje, ila safari hii ameligongomea mwandishi.

Ndiyo maana kwa muda nilizikimbilia riwaya za kumbi za dansi za Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, nikidhani huko watu wako huru. Nimeona sivyo. Msichana wa kule haruhusiwi kukaa chumbani na mwanamume bila shangazi pembeni, na nadhani ngome na meli za maharamia zinapendwa na waandishi kwa sababu hiyo hasa: ni njia ya kumwondoa shangazi. Ukishamwondoa, wahusika wanaweza kuzungumza. Kwa hiyo maneno yangu ya zamani kwamba utekwaji ni uvivu mtupu nayapunguza leo, mbele yenu.

Kuhusu bei, nimenunua vitabu vitatu kwa hadithi inayotosha vitabu viwili. Cha kwanza kinastahili kila senti. Cha tatu, ambacho nilikifungua kwa hasira, kinalipa deni: fidia inatolewa, ndugu anarudishwa, binti anakaa kwao majira mazima ya kiangazi bila barua, kisha anapanda farasi mchana kweupe, njia kavu, na kurudi peke yake. Anapofika chumbani anakuta komeo lingali upande wa ndani, limepakwa mafuta lisishike kutu. Cha pili kiazimeni kwa mtu, na mkifika kwenye theluji rukeni hadi sura ya mwisho.

Wiki ijayo hakutakuwa na video, kwa kuwa nahamisha rafu hizi mnazoziona nyuma yangu. Nikirudi tutachambua riwaya ambayo aliyetekwa ni mwanamume na funguo ziko kiunoni mwa mwanamke. Nimefika sura ya tano, na bado hajamruhusu kuketi.