Basi la shule lililostaafu sasa ni nyumba: uchambuzi baada ya mwaka mzima wa kuishi humo

Haya wadau mambo vipi, karibuni. Leo bidhaa ninayoichambua siwezi kuishika nikaigeuza mbele ya kamera mwone nyuma kukoje, maana mwenyewe niko ndani yake. Ni basi. Basi la shule, limebeba watoto wa watu zaidi ya miaka 20, likastaafishwa, nikalinunua, nikang'oa kila kilichong'oka, na sasa ni nyumba, tunaishi humu mi na mwenzangu mwaka umetimia, kwahiyo haya sio maneno ya mtu aliyemaliza kupaka rangi jana usiku halafu asubuhi anawasha kamera.

Kila anayekuja kuliona swali lake la kwanza ni kilomita. Limetembea kilomita ngapi, injini gani, mafuta linakula vipi. Sawa, maswali mazuri, ila jamani hizi injini kubwa za dizeli za silinda sita zimetengenezwa kwa shuruba, chukua mfano ile International DT466 ya lita 7.6, slivu zake, yaani yale mabomba ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka, unazichomoa unaweka mpya injini ikiwa bado imekaa kwenye chasisi. Injini inatengenezeka. Kinachomaliza basi ni maji. Maji ya mvua, maji ya pumzi zenu wenyewe, maji kwenye breki, maji kwenye dizeli. Mwaka huu karibu kila kitu kilichoninyima usingizi nikikifuatilia mpaka mwisho nakuta ni maji yamejificha mahali.

Tuanze chini. Aliyeniuzia alisema sakafu iko vizuri, kavu kabisa, nami nikaamini kwa sababu juu kulikuwa na mpira mweusi umelala safi hauna hata mkunjo. Siku naung'oa ule mpira, chini yake plaiwudi nyeusi tii, unaichota kwa mkono kama udongo wa bustani, chini ya plaiwudi ndo kuna bati, na hilo bati nililigusa tu kwa bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, nikachungulia nikaona ardhi. Na harufu sasa! Miaka 20 ya watoto, wengine wanatapika njiani, wengine wamejikojolea, yote yameshuka yakatulia pale kati ya mpira na ubao hakuna aliyeyasumbua. Nilitoka nje nikakaa chini nikajiuliza hivi nimefanya nini.

Kwahiyo ukienda kuangalia basi, kabla hujaomba hata ufunguo, ingia chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga. Bati zima linalia ting, lililokwisha linalia pu kama umegonga boksi. Angalia juu ya matairi, angalia pale ngazi za mlango zinapoungana na sakafu, angalia nyuma karibu na mlango wa dharura, hapo ndo maji yanapopenda kukaa. Kutu ya juu juu kwenye chasisi, ile ukipitisha kidole unabaki na vumbi la rangi ya chungwa, hiyo isikutishe, chasisi ni chuma kinene. Ile inayobanduka magamba magamba kama ganda la mti, hiyo muage mwenye basi kwa heshima uondoke.

Boliti za viti msipoteze muda na spana. Ukizungusha juu na nati ya chini inazunguka nayo, inabidi mmoja awe uvunguni mmoja awe ndani mpigiane kelele siku nzima. Mi nilikata vichwa vyote na grinda, siku mbili kwisha, ila vaeni miwani na mfunike vioo vya madirisha, zile cheche zikigusa kioo zinajichimbia humo na hazitoki tena, dirisha langu la tatu hapo mnaliona lina vidoti, ndo hivyo tena. Ukimaliza unabaki na matundu kibao sakafuni. Wapo wanaoziba kila tundu kwa sarafu ndogo ya shaba na gundi, msicheke, inafanya kazi. Mi palipooza nilikata nikachomelea bati jipya, na hapa nisikilizeni vizuri, sakafu nyingi za mabasi zina zinki juu yake, ukichomelea bila kuiparua kwanza ule moshi mweupe ukiuvuta unakupa homa ya kutetemeka usiku. Parua, fungua milango yote, vaa barakoa ya kuchujia moshi, sio kitambaa.

Kutu iliyobaki niliisugua kwa brashi ya waya, nikapaka dawa yenye asidi ya fosforiki, inageuza ile kutu kuwa nyeusi unaona kwa macho yako inabadilika, halafu praima ya epoksi, halafu rangi. Dawa ya kutu maksi 9 kati ya 10, kwa kazi niliyoipa.

Haya, juu. Paa la basi ni mabati yameunganishwa kwa ribiti, mamia ya ribiti, na kila unganisho ni mlango wa maji. Watu wanamwaga silikoni juu wanasema wamemaliza. Usiweke silikoni kwenye paa, nasema kama mtu aliyeiweka. Rangi haishiki juu ya silikoni, silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani, na kuitoa ni kukwangua kwa wembe sentimita kwa sentimita, mi nilikwangua wiki nzima goti limevimba. Gundi ya poliurethani kwenye viungo, halafu rangi nyeupe ya paa juu yake. Na nyeupe sio urembo, bati jeusi juani hutaweza kuweka kiganja, jeupe unaweka.

Madirisha sasa. Ili ujue linalovuja ni lipi, mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, na unaanza chini unapanda juu taratibu. Ukianza juu maji yanateremka kila mahali, unabaki unatafuta mchawi. Sisi tulikuta madirisha 7 kati ya 24 yanavuja, na moja lilikuwa linaingiza maji hapa mbele halafu yanatembea ndani ya ukuta yanakuja kutokea kule kwenye kitanda, mwezi mzima tulikuwa tunalaumu dirisha ambalo halina kosa.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maji tunayoyatengeneza wenyewe. Mkilala wawili na madirisha yamefungwa, pumzi na jasho lenu asubuhi viko ukutani. Na jiko la gesi ndo balaa, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa karibu kilo 1.6 za maji kama mvuke, ndio, maji yanakuwa mazito kuliko gesi yenyewe kwa sababu gesi inachukua oksijeni ya humu ndani. Kwahiyo yule anayewasha jiko ili apate joto anajinyeshea mvua chumbani, tena bila kusema habari ya hewa ya sumu. Kinasa kaboni monoksaidi weka, hicho sikijadili.

Mimi mwanzo nilibandika mabamba magumu ya foam ya kuzuia baridi katikati ya zile mbavu za chuma za ukutani, nikaziacha mbavu wazi nikapiga mbao juu. Baridi ilipokuja nikaamka nakuta ukuta umechora mistari ya unyevu, mstari, nafasi, mstari, nafasi, kama mbavu za mtu aliyekonda. Kila mstari ni chuma kinaleta baridi ya nje mpaka ndani. Nilibomoa nusu ya ukuta nikaweka utepe wa foam wa milimita 10 juu ya kila ubavu kabla ya kurudisha mbao. Mistari imekwisha isipokuwa pale nyuma ya kabati ambapo nilichoka nikaruka, napajua, nitaparudia. Hita ya dizeli nayo tumeifunga, inachoma kwenye kiboksi chake na moshi wote unatoka nje, inaleta joto kavu, maksi 8, mbili nimezikata kwa ile tiki tiki tiki ya pampu yake usiku.

Sasa breki, na hii wengi wa kutengeneza nyumba hawaigusi kabisa kwa sababu haipendezi kwenye video. Basi langu lina breki za upepo. Kompresa inavuta hewa, hewa ina unyevu, unyevu unakaa kwenye matangi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa magari makubwa, alikuja kuangalia basi mara moja tu, akaniuliza, "Mwanangu, matangi unamwaga lini?" Mi nikadhani ananiuliza matangi ya choo. Akacheka mpaka akashika tairi. Akaweka vizuizi kwenye tairi, akaingia chini, akavuta kamba ya kufungulia tangi la hewa, ikatoka psssss halafu ukaja uji, yaani uji kabisa, rangi ya kahawa yenye maziwa. Akaniambia huo ni mchanganyiko wa maji na oili, kompresa imeanza kupitisha oili, na kile kikaushio cha hewa kimekufa zamani. Kwenye baridi maji hayo yanaganda ndani ya vavu. Ndani ya vavu za breki za chombo cha tani 10, na mi nilikuwa nashangaa dari.

Alinifundisha na hili mlijue: pandisha upepo mpaka kompresa ikate kwenye kama psi 120 (psi ni kipimo cha presha), hakikisha tena vizuizi viko kwenye tairi, zima injini, achia breki ya maegesho, kanyaga pedali ushikilie dakika moja uangalie geji. Ikishuka zaidi ya psi 3 una uvujaji. Halafu washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, geji ikikaribia psi 60 lazima kengele ilie. Yangu haikulia. Waya ulikuwa umekatwa, mtu aliona kelele zinamsumbua akakata.

Dizeli pia kuna maji. Ile filta yenye kikombe chini, fungua koki yake kidogo mara kwa mara, maji ni mazito yanakaa chini. Sekunde kumi.

Giaboksi yangu ni Allison AT545, gia 4, na toki konveta yake, kile kifaa cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haina ule mfumo wa kujifunga, inateleza muda wote, mlimani oili inachemka. Nimeongeza kipozeo cha oili na geji ya joto na nimejifunza kupanda taratibu. Kama unachagua basi na una nafasi ya kupata lenye giaboksi inayojifunga, chukua hilo. Matairi soma zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, 3217 maana yake wiki ya 32 mwaka 2017, tairi linaweza kuwa na meno mazuri na likawa limezeeka.

Umeme, najua mnaungoja. Betri ni lithiamu ile ya chuma na fosfeti, na hiyo ndo bidhaa niliyoridhika nayo kuliko zote. Betri ya asidi ya Ah 100 (Ah ni kipimo cha umeme inaohifadhi) unatumia nusu tu ukitaka idumu, hii natumia karibu yote, na uzito ni kama nusu au chini. Kasoro yake ni moja kubwa, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani na hairudi, kwahiyo iweke ndani mnapolala, isikae uvunguni. Na watu wananunua inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, kwa kuangalia wati tu. Wati 2000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 166, waya unene wa kidole na fyuzi karibu kabisa na betri. Mi nilienda volti 24, ampea zikapungua nusu. Vitu vya volti 12 vinapitia kipunguza volti. Sola maksi 7, sio kosa lake, mi niliweka paneli moja nyuma ya feni ya paa, kivuli kidogo tu na mstari mzima wa paneli unalegea.

Ah, na pampu ya maji. Hii pampu inajiwasha presha ikishuka, ukifungua bomba inanguruma, ukifunga inanyamaza. Usiku mmoja tumelala nasikia grrr, imenyamaza. Baada ya kama saa nzima, grrr. Mwenzangu akasema achana nayo, inajipumulia. Pampu haijipumulii wadau. Kama hakuna aliyefungua bomba na inanguruma, maji yanatoka mahali. Nilitoa droo zote saa nane ya usiku nikakuta kiungo kimoja chini ya sinki kinadondosha tone, tone, moja kwa moja kwenye plaiwudi yangu mpya. Siku hizi tukilala tunazima swichi ya pampu.

Uzito kwa kifupi: lita moja ya maji ni kilo moja, tangi letu la maji ni lita 300, tumeliweka chini katikati, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na basi zima tulilipitisha mizani kabla ya safari ya kwanza. Kubadilisha usajili kutoka basi kuwa gari la kuishi kunategemea ulipo, ulizia kabla hujakata kiti cha kwanza.

Mnataka maksi ya jumla. Injini 9, giaboksi 5, bodi kama nilivyolikuta 4, kama lilivyo leo 8. Je ningenunua tena? Ningenunua, ila ningeingia chini na nyundo kwanza na bei ningeipanga nikiwa bado huko uvunguni.

Ngoja nishushe kamera muone ile kamba ya tangi la hewa, leo sijamwaga. Vizuizi viko kwenye tairi, haya... psssss. Mmeona? Matone mawili, meupe, hayana oili.