Unataka muziki wa sebuleni? Chomoa plagi kwanza ndo utoe hela

Mshahara ukitoka tu simu yangu inaanza. "Dada nimechukua sabufa ya laki na nusu, wiki haijaisha nishaichukia." Ukiuliza shida nini unategemea uambiwe besi mbovu au spika imechanika, wala. Wengi wanalalamikia kitu kimoja ambacho sijawahi kusikia muuzaji akikitaja: sabufa inawapigia kelele usiku wa manane bila kuombwa.

Kama umepanga chumba na sebule Tabata, Mbagala, popote pale, hii unaijua. Umeme unakatika saa tatu usiku, mnasubiri, mnachoka, mnalala. Saa tisa unarudi. Ile sabufa uliyoiacha kwenye sauti ya chini kabisa inawaka yenyewe, vitaa vya buluu na vyekundu vinazunguka ukutani, na yule mwanamke wa ndani ya mashine anatangaza kwa Kiingereza kwamba Bluetooth iko tayari, kwa sauti ambayo we hukuichagua. Kama flashi umeiacha ndani ndo kabisa, inakuanzishia singeli. Mtoto kaamka, mpangaji mwenzio anagonga ukuta, rimoti iko sijui chini ya kochi gani. Luku ikiisha ni yale yale, unaingiza zile namba 20, mita inakubali, na sebuleni kunalipuka.

Kwa hiyo leo siongelei besi. Besi utaisikia mwenyewe dukani, wataifungulia mpaka vioo vya kabati vitetemeke, hiyo ndo wanayoijua. Wati nazo niziseme kidogo halafu nipite: boksi likiandikwa 10,000W PMPO, zile wati za mbwembwe, geuza mashine usome kibandiko cha umeme kule nyuma, unaweza kukuta inakula wati 40 au 60, sasa inayokula 60 itakutoleaje elfu kumi usiku kucha? Namba ya maana ni RMS, yaani wati inazotoa mfululizo, kama haijaandikwa popote basi ushajibiwa.

Swali langu mimi ni moja tu. Hii kitu ukiichomoa na kuichomeka tena, inarudi vipi?

Ngoja nieleze kinachotokea maana watu wanadhani ni jini. Ndani ya hizi za bei rahisi kuna kibodi kidogo, yaani bodi ndogo ya saketi, ambacho kimebeba kila kitu, Bluetooth, USB, memori kadi, redio na kile kidirisha cha namba. Sauti unayopandisha kwa rimoti ni namba tu inayokaa kwenye hicho kibodi. Kiwanda kikiwa makini kinaweka sehemu ya kuhifadhi hiyo namba ili umeme ukirudi kibodi kiisome kiendelee pale pale. Kikizembea au kikibana hela, kibodi kikizinduka kinaanza na namba ya kiwandani, na namba ya kiwandani wameipandisha, mi nahisi ni makusudi, ili mashine ikichomekwa dukani ikuvutie toka mlangoni.

Angalia nobu ya sauti, ziko za aina mbili na hapa ndo watu wanapitwa. Kuna ile inayozunguka bila mwisho, utaizungusha hata mara kumi haigoti, hiyo kazi yake ni kutuma namba kwa kibodi, kibodi kikisahau na yenyewe imesahau. Halafu kuna ile ya kizamani inayogota huku na huku, ukifika mwanzo inagoma, ukifika mwisho inagoma. Hiyo ndani ina kakipande kanakotembea kwenye mkaa, ukikaacha robo kanabaki robo hata umeme ukae wiki haujarudi, na tangazo la yule mwanamke kama linapita humo humo basi naye ataongea kwa adabu. Na swichi hivyo hivyo, ya kubonyeza inayobaki imezama ndani huwezi kuifananisha na ya kugusa.

Dukani fanya hivi. Mwambie aunganishe Bluetooth, shusha sauti mpaka 5, halafu chomoa plagi kwenye soketi. Usikubali azime kwa rimoti, akizima kwa rimoti mashine inapata nafasi ya kujihifadhi na umeme wa kwako haukati kwa heshima hiyo. Subiri vitaa vyote vife, kisha subiri tena kidogo, maana kapasita za ndani zinabaki na chaji na ukichomeka haraka itajifanya inakumbuka. Chomeka. Ikirudi kwenye 5, au ikakaa kimya ikisubiri uiwashe, endeleeni kuongea bei. Ikipayuka, aga.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu, na najua kuna watu watanuna, ni amplifaya ya mtumba na spika zake mbili. Na kwenye amplifaya mi ni mtu wa Technics, siwezi kujificha, hata zikipangwa kumi na Pioneer na Kenwood katikati mkono wangu unaenda wenyewe. Zile za zamani zina swichi ya kubonyeza inayoganda ndani na nobu kubwa nzito inayogota. Umeme ukirudi saa tisa usiku unasikia tak moja, baada ya sekunde chache, basi. Hiyo tak ni relei, yaani swichi ya ndani ya kulinda spika, inaziunganisha mashine ikishatulia. Uliacha chini, itabaki chini. Bluetooth haina, lakini unanunua kale kakipokezi kadogo unakachomeka nyuma kwa zile waya nyekundu na nyeupe, na hata kenyewe kakilia kakiwaka hakawezi kuvuka nobu ulipoiacha.

Ila mtumba una mitego yake na huu mmoja ndo umechoma hela za watu wengi. Geuza nyuma usome volti. Mashine zilizouzwa ndani ya Japani ni za volti 100, sisi soketi zetu ni 230, ukiichomeka hivi hivi unasikia harufu na mchezo umeisha hapo hapo. Ya Marekani ni 120, nayo hivyo hivyo. Zilizotoka Uingereza na Ulaya kwingine hazina shida, na Technics nyingi za kusafirishwa nje zilikuwa na kiswichi nyuma cha kuchagua 110, 127, 220 au 240, sasa hicho hakikisha kiko 220 au 240 kabla hujachomeka, usimwamini mtu, inama mwenyewe. Ukiipenda sana ya 100 basi hesabu na bei ya transfoma ya kushushia umeme, na iwe na uwezo wa kutosha, sio vile vidogo vya kuchajia.

Spika za mtumba ondoa kile kitambaa cha mbele uguse ule mviringo laini unaoshika karatasi. Kama ni wa sponji, bonyeza taratibu. Sponji huwa inaoza na umri, na joto na unyevu wa Dar hauisaidii, unakuta inamegeka kidoleni kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Mpira unadumu zaidi, tafuta wa mpira. Nobu ikikwaruza ukizungusha usiogope sana, mara nyingi ni vumbi, fundi anapuliza spreyi yake inapona, na tumia hiyo kukwaruza kushushia bei. Ile tak isiposikika kabisa hapo ndo uogope. Na soma ohm, yaani ukinzani wa spika: amplifaya ikiandikwa 6 mpaka 16 usiifunge spika za 4 ukapandisha mpaka mwisho halafu useme mtumba mbaya.

Namba mbili ni spika zenye amplifaya humo humo ndani. Edifier R980T kwa mfano, wati 24 tu kwa RMS, mtu wa Kariakoo atakucheka, wati 24 si redio ya bajaji hiyo? Ukiwa na sebule ya kawaida ya kupanga utashangaa wati 24 za kweli zinajaza kiasi gani. Haina Bluetooth, haina rimoti, haina vitaa vya disko, na mi nazihesabu zote tatu kuwa sifa. Kubwa zake R1280DB ina Bluetooth na rimoti, wati 42, nzuri kwa sauti, lakini ukishaingia kwenye Bluetooth na rimoti umerudi kwenye jaribio la plagi kama wengine, jina kubwa halikuondolei kuchomoa.

Tatu, kwa wale wenzangu wa muvi na mpira, Sony HT-S20R. Ni 5.1, yaani sauti ya njia tano na sabufa moja, wati 400 kwa jumla, inaingia kwenye tivii kwa HDMI au ile waya ya mwanga, na spika mbili za nyuma ni za waya kwahiyo fikiria waya utapitisha wapi kabla hujawa na mtoto anayetambaa. Kwa muziki mtupu sio chaguo langu. Kama ni tivii tu, iko sawa.

Nne ni za betri. Mtu akiniambia mimi nataka tu usiku nilale, namwambia chukua JBL Charge 5, ina betri, umeme ukatike urudi ukatike yenyewe haina habari, kiwandani wanasema masaa 20 kwa chaji moja, ingawa ukipandisha sauti sahau hizo 20. Shida ni kuipata ya ukweli. Feki zimejaa mpaka boksi linafanana, uzito tu ndo unazisaliti, ya kweli ina kilo moja karibu, ukiinyanyua mkono unajua.

Na hapa naomba nitoe la moyoni kuhusu ununuzi wenyewe, maana tabu kubwa sio mashine. Ukishuka tu Kariakoo winga keshakushika mkono, "mamaa unatafuta nini, sabufa? njoo nikupeleke dukani kwangu." Sio dukani kwake. Anakupeleka kwa mtu, bei inapanda pale pale mbele ya macho yako maana na yeye lazima ale, na mkitoka mwenye duka hamjui tena huyo winga. Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa ya risiti bei nyingine. Ukiuliza garantii unaambiwa "tunajaribu hapa hapa dada, ikitoka mlangoni ni ya kwako", kwahiyo garantii ni hatua nne. Sasa ukiwaambia unataka kuchomoa plagi ndo utachekwa, kuna kijana aliniuliza kama nataka kununua sabufa au nataka kununua soketi. Nikamwambia chomoa. Akachomoa, akachomeka, ikaruka kutoka 5 mpaka 20 na redio ikaanza kukoroma kwenye masafa yasiyo na stesheni. Hakuona aibu. Akasema "si unashusha tu, rimoti ipo." Na kujaribu kwenyewe kunafanyika katikati ya makelele, duka la jirani wamefungulia, la mbele wamefungulia, utasikia nini? Ndo maana nasema besi waachie, tumia macho, angalia namba kwenye kidirisha.

Haya, na sabufa za laki na ushee zenyewe? Wenye hela hiyo ndo wengi najua, ila sina mengi. Chukua yenye nobu inayogota, hata kama ina spika ndogo kuliko ya jirani yake, hata kama haina taa. Pini ikiwa ya miguu miwili ya duara usitegemee adapta ya buku, inalegea na inapata moto, mwambie fundi akuwekee plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi. Usiku zima ukutani. Flashi toa.

Na kabla hujalipa hakikisha vitufe vya sauti viko kwenye mashine yenyewe. Kuna ambazo kila kitu kiko kwenye rimoti, na rimoti zake ni zile nyembamba za betri kama sarafu, ukikalia tu imekwisha. Spea haipo, maana kontena likifuata modeli imeshabadilika na rimoti haziingiliani. Shemeji yangu alizunguka nayo mkononi duka hadi duka, mpaka alipofika kwa aliyemuuzia, akaambiwa "bro chukua sabufa nyingine, inakuja na rimoti yake."