Kibubu cha namba cha 300,000: kizuri, ila si cha kila mtu

Nimekinunua kwa fundi seremala hapa Mbagala, 10,000. Ni kiboksi cha mbao kilichopakwa vanishi, mbele kimebandikwa karatasi ya namba: 1,000, 2,000, 5,000, 10,000. Ukitumbukiza hela unakata namba yake kwa kalamu. Zikiisha zote una 300,000, kodi yangu ya miezi sita, maana mwenye nyumba hapokei ya mwezi mmoja.

Kinachouzwa hapa hasa ni zile namba, na zinafanya kazi. Mimi nashona, hela inaingia vipande vipande, na buku ya kupunguza suruali ilikuwa inaishia kwenye vocha na maandazi. Sasa ina kisanduku chake kinaisubiri, na kukiacha kitupu kunakera kweli. Shida, mkono unakimbilia ndogo. Kaangalie kibubu cha mtu yeyote: za buku zote zimekatwa, za 10,000 zimebaki zinakutolea macho. Fundi angeweka chache hizo za 10,000.

Ana pia vya kufuli, ufunguo unakaa nao mwenyewe, bei juu kidogo. Ningewaambia mvipite, ila wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha 2013 utafiti wao wa magharibi mwa Kenya. Waligawa masanduku ya chuma ya kuwekea akiba ya afya. Wengine walikaa na ufunguo wenyewe, wengine ufunguo ukashikwa na mradi. Kwa wale wa kwanza akiba hiyo ilipanda kwa 66%, na kwa jumla sanduku lao ndilo lililofaa zaidi. Mama yeyote anaelewa: nani atafungia hela asiyoweza kuigusa mtoto akiamka na homa usiku? Hata shemeji akija kukopa, unamjibu bila aibu kuwa hiyo ya sandukuni ina kazi yake.

Kwa hiyo kodi, yenye tarehe inayojulikana, iweke kwenye kibubu cha kuvunja. Ya ugonjwa iweke kwenye cha kufuli.

Halafu kuna watu kama mume wangu. Ni bodaboda, hela anaishika kila siku, na cha kwake alikichokonoa kwa spoku noti moja baada ya nyingine huku namba zimekatwa vizuri kabisa. (Tundu ni pana mno, hilo ni kosa la fundi.) Mtu wa hivyo hazuiwi na mbao, anazuiwa na macho ya watu. Kule Kenya pia vikundi vya kuchangizana viliongeza akiba kuliko sanduku lolote. Sasa anacheza mchezo kijiweni kwao, 5,000 kila siku, na hakosi, kwa sababu anayekosa anataniwa wiki nzima.

Nitanunua kingine mwezi ujao, cha ada ya shule. Nimeshamwambia fundi tundu liwe la kupitisha noti iliyokunjwa mara moja tu, na chini apige misumari mirefu.