Chaldon au Kempley: kuta mbili za kale Uingereza

Chaldon na Kempley ni vijiji vya Uingereza vyenye makanisa ya kale yaliyochorwa ukutani; uende kuona lipi? Makanisa yote mawili ni madogo, na michoro yake ilifichwa chini ya chokaa hadi karne ya 19.

Kempley, Gloucestershire, ndiyo ya zamani zaidi: karne ya 12, mwanzoni. Kwenye sehemu ya altare, rangi ilipakwa plasta ikiwa bado mbichi, ikanywea humo. Kristo ameketi darini juu ya upinde wa mvua, na mitume wamejipanga ukutani, nyuso zimeinuliwa kwake. Imetulia, ina heshima.

Chaldon, Surrey, ya mwaka 1200 hivi, haina utulivu hata kidogo. Ukuta mzima wa magharibi ni mwekundu wa udongo, umegawanywa na ngazi ndefu: roho zinapanda, nyingine zinaporomoka. Juu, Malaika Mikaeli anashika mizani. Chini, mashetani wanachochea chungu, na mla riba ameketi motoni na mifuko yake ya fedha. Wengine wanavushwa daraja la miiba.

Kwa ufundi, Kempley inashinda. Lakini kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Chaldon; huyo mla riba peke yake anatosha nauli.