Tiketi Mbili za Mji wa Bath: Ununue Ipi?

Mbukwenyi, watazamaji wangu! Shikamooni wakubwa. Niko nyumbani Kisasa hapa Dodoma, upepo umetulia, na leo nachambua tiketi. Nimetoka Uingereza kumtembelea dada yangu anayeishi Bristol, na kutoka pale hadi mji wa Bath ni kama robo saa kwa treni. Huko watu wameoga maji ya moto yanayotoka ardhini tangu enzi za Warumi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wageni wengi wanapotea. Lile bwawa mnaloliona kwenye picha, la kijani, lenye nguzo za mawe pande zote, haliogewi. Ni makumbusho. Ukijani ule ni mwani, kwa sababu paa la Warumi lilishaanguka na jua linapiga majini moja kwa moja. Kuoga kulisimamishwa mwaka 1978, baada ya binti mmoja kufariki kwa kijidudu kilichokuwa majini. Kwa hiyo tiketi ya kwanza ni ya kutazama tu.

Inafaa? Inafaa sana. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya vibao vya madini ya risasi, kama 130 hivi, ambavyo watu waliviandika na kuvitupa kwenye chemchemi kumshtakia mungu wao wa kike, Sulis Minerva. Mmoja, Docimedis, aliibiwa glavu zake mbili, akaomba mwizi apoteze akili na macho. Nilipomsimulia mama kwenye simu akasema, "Hiyo si albadiri hiyo?" Kweli kabisa. Mtu ameibiwa akiwa anaoga, hana pa kwenda, anapeleka kilio chake kwenye maji.

Na maji yenyewe! Zaidi ya lita milioni moja kila siku, ya nyuzi joto 46, bila pampu. Sisi tuliozoea visima vya Mzakwe hapa Dodoma tunajua maji ya ardhini yana gharama gani, ndiyo maana niliduwaa. Hakuna volkano pale. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Mendip, inazama kwenye mawe ya chokaa zaidi ya kilomita mbili kwenda chini, joto la ardhi linaichemsha, kisha inapanda kupitia ufa. Kwenye ukumbi wa Pump Room unaweza kuyaonja: ya vuguvugu, yana ladha ya chuma. Nilimaliza glasi, ila ya pili sikuomba.

Tiketi ya pili ndiyo ya kuoga, kwenye kituo cha kisasa kilichofunguliwa mwaka 2006. Unapewa muda wa saa mbili, na taulo, vazi zito la kuvaa ukitoka majini na ndala ni humo humo. Nguo ya kuogelea nenda nayo. Watoto chini ya miaka 16 hawaingii, kwa hiyo wazazi jipangeni mapema. Maji hupoozwa hadi nyuzi 33 hivi, na bwawa moja liko juu ya paa. Mgongo wangu, uliokuwa umekaza tangu kwenye ndege, uliachia nikiwa pale juu, shingo tu ikiwa nje, mnara wa kanisa la Bath Abbey ukiwa mbele yangu.

Kama mfuko unaruhusu moja tu, nunua hii ya pili. Wengine watasema nimeacha historia. Mimi naona historia ya mji ule ni maji yake, na ukiwa kwenye paa yamekugusa mwilini, ni yale yale yaliyowaleta Warumi.

Nenda Desemba, usiogope baridi. Ingia saa tisa mchana. Jua kule linazama saa kumi, na ukiwa bado majini utaona mvuke unapanda na taa za mji zinawaka moja moja.